Msuli unaosinyaa ndani ya mmumunyo "usio na kalsiamu"

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili hapa Dar es Salaam. Nachukua utumbo mwembamba wa mbuzi machinjioni Vingunguti, nakata vipande na kuvitundika kwenye chombo cha tishu chenye mmumunyo wa Tyrode, yaani maji ya chumvi na glukosi ya kuifanya tishu iendelee kuishi. Nataka kuonyesha kwamba msuli laini hausinyai bila kalsiamu ya nje. Nimetengeneza Tyrode bila kloridi ya kalsiamu, kwa maji ya betri, nikabadilisha mmumunyo mara moja na kusubiri dakika 5. Nilipoongeza kloridi ya potasiamu hadi milimola 60, msuli ulisinyaa karibu nusu ya kawaida na kubaki hivyo. Siku nyingine niliweka asetilikolini, kemikali ambayo neva hutumia kuamsha msuli, mikromola 10, ukasinyaa kama robo, kisha ukalegea wenyewe kabla ya dakika kuisha. Nikachoma vipande vilivyosinyaa na vilivyolegea, nikapima majivu kwa AAS (mashine inayopima madini kwa mwanga unaofyonzwa na atomi zake): kalsiamu ni ileile. Msimamizi wangu anasema data zangu zinapingana na vitabu. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Data hizo usizitupe, kwa sababu hazipingani na kitabu chochote. Umepata majibu sahihi ya maswali matatu, ila umeyasoma kama jibu la swali moja. Potasiamu imekuonyesha kalsiamu iliyobaki nje ya seli. Asetilikolini imekuonyesha kalsiamu iliyohifadhiwa ndani ya seli. Majivu yamekuonyesha kalsiamu yote kwa pamoja, ambayo juu ya kusinyaa haina la kusema.

Tuanze na majivu, maana hapo pana jibu fupi. Katika saitoplazimu ya msuli laini uliotulia, kalsiamu iliyo huru ni takriban nanomola 100. Msuli ukisinyaa kwa nguvu hupanda hadi karibu mikromola 1, yaani ongezeko lisilofika hata mikromola moja kamili. Sasa angalia kilichoingia kwenye majivu yako: majimaji yaliyozunguka seli, yenye kalsiamu ya milimola 1.8 kutoka kwenye Tyrode ya kawaida. Kalsiamu iliyoshikwa na protini. Na ile iliyojaa kwenye maghala ya ndani. Jumla yake ni ya kiwango cha milimoli kwa kila kilo ya tishu. Badiliko unalolitafuta halifiki moja ya elfu ya kitu unachokipima, ilhali kosa la kawaida la kupima majivu ni asilimia kadhaa. Tena, kalsiamu inayotolewa na asetilikolini kutoka ghalani haijaingia wala haijatoka katika seli. Imehama chumba tu. Nyumba ikishateketea, majivu hayakuambii kiti kilikuwa sebuleni au chumbani.

AAS ina kazi yake, hasa kukagua maji na chumvi zako. Ukiitumia kwa majivu, kumbuka kuongeza kloridi ya lanthanamu kwenye sampuli na kwenye viwango vya kulinganishia ili lanthanamu iwe kati ya asilimia 0.1 na 1. Fosfati ya tishu huishika kalsiamu ndani ya mwali wa hewa na asetilini, na usomaji wa nanomita 422.7 hushuka bila sababu ya kweli. Lanthanamu huichukua fosfati hiyo na kuiachia kalsiamu.

Sasa potasiamu, ambako ndiko kwenye kazi kubwa. Potasiamu nyingi nje ya seli hupunguza tofauti ya umeme kwenye utando, na milango ya kalsiamu ya aina ya L hufunguka. Kalsiamu huingia kutoka nje, hushikana na protini iitwayo kalmodulini, na kalmodulini huamsha kimeng'enya kinachoweka fosfati kwenye mayosini, protini inayovuta msuli. Hapo msuli husinyaa, na hubaki umesinyaa maadamu milango iko wazi na kalsiamu ya nje ipo. Kwa hiyo msinyao wa nusu uliokaa bila kushuka ni ushahidi kwamba nje ya seli zako kulikuwa na kalsiamu ya kutosha. Uchafu wa mikromola 5 au 10 hauwezi kufanya hivyo. Hapo palikuwa na sehemu nzuri ya milimola.

Ilitoka wapi? Kwa maelezo yako, mshitakiwa wa kwanza ni muda, kabla hata ya maji. Kalsiamu ya katikati ya kipande cha tishu haiondoki kwa sababu umebadilisha mmumunyo. Inabidi isambae polepole kati ya seli hadi ifike nje. Kasi ya kusambaa ndani ya tishu tuichukue kuwa sentimita za mraba 3 kwa milioni kwa sekunde, chini ya nusu ya kasi yake katika maji. Kipande chenye unene wa milimita 1 kinachooshwa pande zote mbili, kalsiamu iliyobaki ndani yake hushuka hadi kama theluthi kila baada ya dakika 6 hivi. Baada ya dakika zako 5, wastani wa kalsiamu kati ya seli ulikuwa bado umepita nusu milimola. Hiyo inatosha kabisa kwa msinyao ulioupata. Na kama ulitundika ukuta mzima wa utumbo, wenye unene wa milimita 3, hesabu hukua kwa mraba: dakika 6 zinageuka kuwa kama 50. Hapo hata saa nzima ya kusubiri haikufikishi.

Dawa yake ni kupunguza unene, siyo kuongeza subira. Fungua utumbo kwa urefu, utandaze kwenye sahani yenye nta au silikoni kwa pini, ngozi ya ndani ikiwa juu, ndani ya mmumunyo baridi. Bandua utando wa ute kwa koleo ndogo. Mbuzi mchanga huachia kirahisi, mkubwa huhitaji makasi. Epuka sehemu zenye mabaka mazito ya tishu za kinga, ambayo kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba huonekana kama vimbe bapa. Kisha kata kipande cha upana wa milimita 2 na urefu wa sentimita 2 kufuata urefu wa utumbo. Ukikiangalia dhidi ya taa unapaswa kuona mwanga ukipenya.

Mshitakiwa wa pili ni kubadilisha mara moja. Chombo cha mililita 20 kikimwagwa, vipira na kuta hubaki na matone ya mmumunyo wa zamani. Tuseme asilimia 10 ilibaki: una kalsiamu ya milimola 0.18 hata kabla tishu haijatoa yake. Badilisha mara tatu na unafika chini ya mikromola 2. Ni tofauti kubwa mno kwa kazi ya dakika tatu.

Ndipo tuje kwenye maji. Maji ya betri yanayouzwa gereji na vituo vya mafuta yametengenezwa ili risasi ya betri isiharibike haraka. Hayakukusudiwa kwa kazi ya mikromola, na kuyatumia bila kuyapima ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Pima kila chupa kwa kipima upitishaji umeme. Maji yaliyosafishwa sana husoma 0.055 ya mikrosimensi kwa sentimita. Yakikaa wazi hunyonya hewa ya ukaa na kusogea hadi karibu 1, na hilo halina madhara. Kila mikromola 10 za kloridi ya kalsiamu huongeza takriban 2.7. Kwa hiyo chupa inayosoma chini ya 2 unaweza kuitumia. Inayosoma 20, iachie betri. Maji ya kunywa ya chupa usiyaguse, kwani lebo yenyewe hutaja kalsiamu. Maji ya kisima ya sehemu nyingi za jiji letu ni ya chumvi na magumu. Ule ukoko mweupe unaoota ndani ya birika ni kaboneti ya kalsiamu, ioni ileile unayojaribu kuikwepa.

Kosa hili ni la zamani kuliko fani yenyewe, na ndilo lililoizaa. Mwaka 1882 Sydney Ringer, tabibu wa London, alichapisha kwamba moyo wa chura huendelea kudunda vizuri katika maji ya chumvi ya kawaida. Mwaka uliofuata alirudi na kusahihisha maneno yake. Maji yaliyotumika hayakuwa yaliyotoneshwa. Yalitoka bombani, kwa kampuni ya New River, ambayo maji yake yanatoka kwenye chemchemi za miamba ya chokaa. Ringer alitaja kipimo cha kalsiamu ndani yake: sehemu 38.3 kwa milioni. Ukigawa kwa 40 unapata karibu milimola 1, ambayo ni kiwango cha kalsiamu huru ya damu kwa kukaribia sana. Alipotumia maji yaliyotoneshwa moyo ulififia, na alipoongeza kalsiamu ulirudi. Ule unyoofu wa kuandika upya ni wa kuigwa. Tazama pia kwamba alichokifanya kinafanana na unachopaswa kufanya sasa: usiridhike na jina la mmumunyo, pima kilichomo.

Kama maabara haina kipima upitishaji, titresheni ya EDTA, kemikali inayonasa kalsiamu na magnesiamu, inatosha. Chukua mililita 100 za maji, weka bafa (kitu kinachozuia pH isiyumbe) ya amonia ya pH 10 na kiashiria cha Eriochrome Black T, titresha kwa EDTA ya milimola 1. Kila mililita inayotumika hadi rangi ya divai igeuke buluu ni mikromola 10 za kalsiamu na magnesiamu kwa pamoja. Ukimaliza nusu mililita, maji ni mazuri.

Chumvi nazo hubeba kalsiamu. Kloridi ya sodiamu ya maabara ambayo lebo yake inasema kalsiamu haizidi asilimia 0.002 itakuletea hadi mikromola 4 kwa gramu 8, na hilo ni la kuvumilia. Chumvi ya mezani haivumiliki. Jambo linalowapita wengi ni glukosi: ile ya pakiti ya dukani inayokorogewa watoto mara nyingi huongezwa kalsiamu na vitamini. Soma lebo, au tumia glukosi ya maabara tu. Vyombo vya glasi vilivyosuuzwa kwa maji ya bomba huwa na utando wa chokaa usioonekana. Viloweke kwenye asidi hidrokloriki ya asilimia 10 usiku kucha, visuuze mara tano kwa maji yaliyopimwa, na mmumunyo usio na kalsiamu uuhifadhi kwenye chupa ya plastiki.

Tyrode yenyewe ningekushauri uibadilishe. Ya asili ina bikaboneti ya milimola 11.9. Ukiipulizia hewa tupu, hewa ya ukaa hutoroka, pH hupanda kupita 8, na kalsiamu huanza kuganda pamoja na kaboneti na fosfati. Mmumunyo ukipata ukungu, kalsiamu uliyopima kwa mizani haipo tena. Ukiipulizia kabojeni, yaani oksijeni asilimia 95 na hewa ya ukaa asilimia 5, pH hushuka hadi karibu 7.1. Bikaboneti ya kukaa na kabojeni ni ile ya mmumunyo wa Krebs, milimola 25, inayotoa 7.4. Kama mtungi wa kabojeni haupatikani kwa uhakika, tumia bafa ya HEPES na oksijeni tupu. Kwa lita moja: kloridi ya sodiamu gramu 8.0, kloridi ya potasiamu gramu 0.20, kloridi ya magnesiamu yenye maji sita gramu 0.20, glukosi gramu 1.0, HEPES gramu 2.38. Rekebisha pH iwe 7.4 kwa hidroksidi ya sodiamu mmumunyo ukiwa na joto la nyuzi 37, siyo la chumba. HEPES hupoteza kama 0.014 ya pH kwa kila nyuzi moja, hivyo ukirekebisha kwenye chumba chenye kiyoyozi cha nyuzi 24 utajikuta chini ya 7.3 ndani ya chombo. Kalsiamu iongeze mwisho kabisa.

Hapo kwenye kalsiamu pana mtego wa hali ya hewa yetu. Kloridi ya kalsiamu hunyonya unyevu, na ile isiyo na maji hunyonya hadi ikalowa yenyewe. Mkebe uliofunguliwa mara kumi katika unyevu wa Dar es Salaam hauna tena uzito ulioandikwa kwenye lebo. Tengeneza akiba ya mola 1 kwa kuyeyusha gramu 14.7 za ile yenye maji mawili hadi mililita 100, kisha uihakiki. Ipunguze mara 100, chukua mililita 10, ongeza hidroksidi ya sodiamu hadi pH ya 12 au zaidi, weka kiashiria cha mureksidi, titresha kwa EDTA ya milimola 10. Akiba iliyo sawa itatumia mililita 10.0. Ikitumia 9.1, una mola 0.91, na mililita 1.8 kwa lita zitakupa milimola 1.64 badala ya 1.8. Hakuna haja ya kuimwaga: andika namba halisi kwenye chupa na uitumie hivyo.

Maji yakiwa safi na kipande kikiwa chembamba, bado unahitaji EGTA, ndugu ya EDTA, ya kunasa mabaki ya kalsiamu. Chagua EGTA badala ya EDTA kwa sababu EDTA inanasa magnesiamu pia, na magnesiamu unaihitaji ili utando wa seli usivuje. Unga wa EGTA hauyeyuki kwenye maji ya kawaida. Pima gramu 3.80, weka kwenye mililita 80 za maji, dondosha hidroksidi ya sodiamu ya mola 5 huku ukikoroga. Ikifika kama mililita 4 utaona ukungu unaisha. Rekebisha pH, jaza hadi mililita 100, una akiba ya milimola 100. Mililita 5 kwa lita ya Tyrode ni milimola 0.5.

EGTA ina tabia mbili zinazoharibu majaribio ya watu. Ya kwanza, kila inaponasa ioni moja ya kalsiamu hutema protoni mbili, kwa hiyo kwenye bafa dhaifu inaishusha pH yenyewe. Ya pili, nguvu yake inategemea pH kwa ukali. Kwa pH 7.4 kiwango chake cha kuachia, yaani kalsiamu huru ambapo nusu ya EGTA imeshika na nusu haijashika, ni kama nanomola 60; kwa pH 6.8 kinakaribia nanomola 950. Fanya hesabu na mmumunyo mchafu wenye kalsiamu ya milimola 0.3 na EGTA milimola 0.5. Katika 7.4 kalsiamu huru inayobaki ni takriban nanomola 90. Katika 6.8 ni karibu mikromola 1.4, mara kumi na tano zaidi, na hujabadilisha kitu kingine chochote. Ndiyo maana pH ya joto la kazi lazima iandikwe kwenye daftari kila siku ya jaribio.

Kuhusu asetilikolini: hapo ulichokiona ni kizuri, na ningefurahi ukikifanya kuwa sehemu kuu ya tasnifu. Asetilikolini hushika vipokezi vyake vya aina ya M3 kwenye seli, seli hutengeneza kijumbe kiitwacho IP3, na IP3 hufungua milango ya ghala la ndani, retikulamu. Kalsiamu humwagika kutoka ghalani bila kuhitaji ya nje, msuli husinyaa, kisha pampu za utando huitupa nje. Kwa kuwa nje hakuna ya kurudisha, msuli hulegea wenyewe. Umbo ndilo linalotofautisha. Msinyao wa kupanda na kushuka ndani ya dakika ni wa ghala. Msinyao unaokaa ni wa kalsiamu ya nje. Mchoro wako ulikwisha kukuambia, hata kabla hujauliza. Uthibitisho ni dozi ya pili: bila kurudisha kalsiamu, ongeza tena asetilikolini ileile baada ya kuosha. Ghala tupu halitoi kitu. Ikitoa msinyao sawa na wa kwanza, rudi ukakague mmumunyo.

Mpangilio wa siku ningeupanga hivi. Beba machinjioni Tyrode ya kawaida, yenye kalsiamu, iliyopuliziwa oksijeni na kupozwa hadi nyuzi 4, ujazo angalau mara kumi ya tishu. Barafu ikae nje ya chupa. Maji yake yakiingia ndani seli zitavimba. Foleni ya Barabara ya Nyerere haina huruma, hivyo panga kufika maabara ndani ya saa moja. Tundika kipande kwa mvuto wa gramu 1 katika nyuzi 37, ukiosha kila baada ya dakika 15 kwa saa nzima. Saa hiyo haina njia ya mkato. Baridi huzimisha pampu, seli huja zimejaa sodiamu na kalsiamu, na lazima zipate muda wa kuzitoa. Dalili ya kipande kizima ni midundo midogo ya wenyewe kurudi.

Kisha pata msinyao wa kawaida kwa potasiamu milimola 60, lakini usiimwage juu ya Tyrode kama ulivyofanya. Kuongeza tu huinua nguvu ya osmosisi, seli hunywea, na huwezi kujua umepima nini. Tengeneza mmumunyo ambao sodiamu imepunguzwa kiasi kilekile: kloridi ya sodiamu gramu 4.66 na kloridi ya potasiamu gramu 4.47 kwa lita, vingine vikibaki vilevile. Weka na atropini, inayoziba vipokezi vya asetilikolini, mikromola 1 kwenye sehemu hii ya potasiamu, kwa sababu potasiamu huamsha pia neva zilizo ndani ya ukuta wa utumbo, nazo humwaga asetilikolini yao. Kwa sehemu ya asetilikolini tumia kipande kingine kisichoguswa na atropini, maana haitoki kirahisi.

Baada ya hapo osha mara tatu kwa Tyrode isiyo na kalsiamu, ingiza ile yenye EGTA milimola 0.5, subiri dakika 15, jaribu potasiamu iliyotengenezwa bila kalsiamu na yenye EGTA. Matarajio ni mstari ulionyooka, au msinyao usiozidi asilimia chache. Usimwache msuli kwenye EGTA kupita nusu saa. Seli hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa msaada wa kalsiamu, na ikikosekana mno utando huanza kupitisha sodiamu. Kwa moyo hali ni mbaya zaidi: tangu mwaka 1966 inajulikana kwamba moyo wa panya ulioogeshwa bila kalsiamu kwa dakika chache, ukirudishiwa kalsiamu ghafla, seli zake hufa kwa kufurika.

Mwisho rudisha kalsiamu kwa ngazi ndani ya mmumunyo wa potasiamu: milimola 0.1, 0.3, 1 na 2.5, ukingoja kila mara msinyao utulie. Hapa wengi huanguka. Wakisahau kuosha EGTA kwanza, ngazi mbili za chini zinapotea: ukiweka 0.1 au 0.3 juu ya EGTA ya 0.5, yote inanaswa. Ukiweka 1, nusu inanaswa. Mchoro unaonyesha msuli usiosikia, kumbe kalsiamu haijamfikia. Osha mara tatu kwa mmumunyo usio na kalsiamu wala EGTA, ndipo uanze kupanda ngazi. Rudia kwenye kipande kingine chenye nifedipini, dawa inayoziba milango ya L, mikromola 1. Ikiufuta msinyao, umeonyesha kwamba njia ni milango ya L. Nifedipini huharibiwa na mwanga, kwa hiyo funga chupa na sindano kwa karatasi ya alumini, na weka kipande cha kulinganisha kinachopata ethanoli tupu, yaani kiyeyushi cha nifedipini, kwa kiasi kilekile.

Msimamizi akitaka uone kalsiamu huru yenyewe, itabidi utumie kitu kinachong'aa ndani ya seli. Njia hiyo ilifunguliwa na ekorini, protini ambayo Osamu Shimomura aliichuja kutoka kwa kiwavi-bahari mwaka 1962, na ikapanuliwa na Roger Tsien, ambaye kundi lake lilitoa rangi ya fura-2 mwaka 1985. Wote wawili walikuwa miongoni mwa waliopata tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008, japo kwa protini ya kijani inayong'aa. Fura-2 inafaa tishu inayotikisika kwa sababu unasoma uwiano wa mng'ao wake ikimulikwa kwa nanomita 340 na 380, na msuli ukisogea namba zote mbili hubadilika pamoja. Chupa ya mikrogramu 50 ya aina ya AM, ile inayoweza kupenya utando wa seli, iyeyushe kwa mikrolita 50 za kiyeyushi cha DMSO upate milimola 1. Tumia mikromola 5 kwa dakika 45 hadi 60 katika joto la chumba, kisha osha nusu saa. Usipakie kwa nyuzi 37, rangi itajificha ndani ya viungo vya seli na utasoma kalsiamu ya mahali pengine. Chupa ikitoka kwenye friza usiifungue kabla haijapata joto la chumba. Katika hewa yetu umande huingia mara moja, na AM ikishakatwa na maji haiingii tena ndani ya seli. Piga picha pia za kipande kisichopakiwa, kwani NADH, kemikali ya asili ya seli, hung'aa yenyewe ikimulikwa karibu na nanomita 340.

Lakini kwa swali uliloliweka huhitaji rangi wala darubini hiyo. Unahitaji michoro mitatu kwenye ukurasa mmoja: potasiamu kabla na baada ya EGTA, asetilikolini dozi ya kwanza na ya pili bila kalsiamu ya nje, na ngazi za kurudisha kalsiamu, zikiwa na nifedipini na zikiwa bila. Chini ya kila mchoro andika upitishaji umeme wa maji, pH kwa nyuzi 37, unene wa kipande, idadi ya kuosha na dakika ulizosubiri. Data za mwanzo ziweke kwenye kiambatisho, na hesabu ya kusambaa kwa dakika 5 pembeni yake, ili msimamizi aone ule msinyao wa nusu ulitoka wapi.